Niliuliza juu ya nyimbo, nikajibiwa juu ya mtu



Jumapili mbili zilizopita, katika kipindi chetu cha muziki wa zamani, nilipiga santuri moja tangu mwanzo hadi mwisho, nyimbo 11, bila kukatiza kwa tangazo hata moja. Santuri hiyo inaitwa Mr. Bad Guy. Ni ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Aliitoa mwezi Aprili 1985, peke yake, bila wenzake watatu wa bendi, na nyimbo zote 11 alizitunga yeye mwenyewe. Nilipomaliza kuipiga niliwaomba wasikilizaji waniambie jambo moja tu: nyimbo hizi ni nzuri au si nzuri, na kwa sababu gani.

Majibu yalikuja kwa simu, kwa ujumbe wa simu za mkononi, na kwa barua mbili za karatasi, jambo ambalo siku hizi linatufurahisha sana pale studio mpaka tunazipitisha mkono kwa mkono. Daftari langu limejaa. Nimeona leo tuyazungumze majibu hayo, maana yamenionyesha namna sisi tunavyosikiliza muziki, na mojawapo limeninyima usingizi. Nitalifikia.

Nianze na wale waliojibu swali kama nilivyoliuliza. Hawakuwa wengi.

Fundi mmoja wa redio wa Ilala, mtu anayejua anachokisema, aliniambia kwamba santuri hii imezeeka kuliko nyimbo za Queen zilizorekodiwa miaka 10 kabla yake. Nikamuuliza inawezekanaje. Akasema, sikiliza ngoma. Zile za zamani zinapigwa na mtu, mkono unachoka, unakosea kidogo, unarudi. Hizi nyingi zinasikika kama zimepigwa na mashine, na mashine ya mwaka 1985 ni kama kompyuta ya mwaka 1985, ukiiona leo unacheka. Hakukosea. Santuri ilirekodiwa Munich, Ujerumani, katika studio iitwayo Musicland iliyokuwa chini kabisa ya jengo refu la hoteli, na aliyesaidiana na Mercury kuitayarisha ni Reinhold Mack, fundi yuleyule aliyefanya kazi na Queen tangu santuri yao ya The Game ya mwaka 1980. Ni miaka ambayo Ulaya nzima ilikuwa imelewa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Kila aliyeingia studio alitaka kusikika kama disko la usiku huo. Wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza, Let's Turn It On, unakuingiza moja kwa moja ndani ya disko hilo, na ukweli ni kwamba hauna kitu kingine cha kukupa zaidi ya kukuingiza.

Mwalimu wa kwaya wa Dodoma, mama mmoja mwenye sauti ya upole kwenye simu, alisikia vingine kabisa. Alisema yeye ngoma hakuzisikia. Alisikia pumzi. Aliniambia nirudie There Must Be More to Life Than This, wimbo wa tatu upande wa pili, niangalie mahali mwimbaji anapovuta pumzi na mahali anapokataa kuivuta ingawa kifua kimekwisha. Alisema wanakwaya wake huvuta pumzi katikati ya neno, na wiki nzima amekuwa akiwapigia wimbo huo kwa simu yake ili wasikie mtu anayeheshimu neno mpaka mwisho wake. Nami nimeurudia mara nyingi. Ni piano na sauti kwa sehemu kubwa, na unauliza kwa nini watu wanachukiana. Naomba mkumbuke huo wimbo, tutaurudia.

Wengine walitaja My Love Is Dangerous, unaoanza kwa mwendo wa kirege kisha ukabadilika ghafla kuwa roki ya kelele. Kijana mmoja wa Arusha alisema wimbo huo ni kama daladala iliyobadilisha njia katikati ya safari bila kuwaambia abiria. Wengine wakausifu wimbo uliobeba jina la santuri, kwa sababu ya jeshi zima la wapiga fidla na tarumbeta walioajiriwa kuupamba. Mimi naona umepambwa kupita kiasi, kama bibi arusi aliyevishwa dhahabu ya ukoo wote, lakini hayo ni masikio yangu.

Jumapili iliyofuata nikafanya jaribio. Wapenzi wa Queen wanajua kwamba mwaka 1995, miaka minne baada ya mwimbaji huyu kufariki, wenzake walichukua nyimbo mbili za santuri hii, Made in Heaven na I Was Born to Love You, wakaiacha sauti yake kama ilivyo, wakaondoa vyombo vya Munich na kuvipiga upya vyao wenyewe: gitaa la Brian May, besi ya John Deacon, ngoma za Roger Taylor. Kwa hiyo tuna sauti ileile ya mtu yuleyule juu ya vitanda viwili tofauti. Nilipiga vyote viwili bila kusema kipi ni kipi, nikauliza kipi kizuri.

Wengi walichagua vile vya bendi. Sikushangaa. Gitaa la May linajua lini kujibu na lini kunyamaza, na sauti ya Mercury, iliyozoea kujibizana nalo tangu mwaka 1970, inaonekana kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kiti chake bado kipo. Lakini wachache walichagua vya mwaka 1985, na sababu zao zilinipendeza. Mmoja alisema kwamba katika kile cha kwanza mtu anaimba kama anacheka, na katika kile cha pili ni kama wanamwimbisha kwenye maombolezo yake mwenyewe. Kumbuka hakuwa ameambiwa kipi kilitengenezwa baada ya kifo.

Sasa tuje kwa walio wengi, yaani wale ambao hawakuzijibu nyimbo bali walimjibu mtu.

Kundi la kwanza ni la waliosema huyu ni mtoro. Kwamba aliiacha bendi iliyomlea akaenda kujitafutia sifa peke yake, akaadhibiwa ipasavyo, maana santuri ilifika nafasi ya 6 kule Uingereza lakini Marekani iliishia nafasi ya 159. Mzee mmoja wa Magomeni alisema maneno makali sana, na nilipomsikiliza vizuri nikagundua kwamba alikuwa hamsemi Mercury hata kidogo. Alikuwa anaisema dansi yetu. Mwaka huohuo wa 1985 Muhidin Maalim Gurumo na wanamuziki wengine kadhaa waliondoka Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound, na mzee wangu huyu, shabiki wa Sikinde wa kufa na kupona, hajasamehe mpaka leo. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Sisi tunaijua hadithi ya kuhama bendi kuliko Waingereza. Tunaijua kwenye mifupa.

Lakini tuwe waadilifu. Anayehama bendi hapa kwetu anaondoka kwelikweli. Kesho yake mnamkuta kwenye jukwaa la wapinzani wenu anawaimba ninyi. Mercury hakuhama. Queen ilikuwepo, na mwaka huohuo, tarehe 13 Julai 1985, wiki chache tu baada ya santuri hii kutoka, alisimama na wenzake uwanja wa Wembley katika onyesho la Live Aid kwa dakika kama 20 ambazo watu wanazizungumza hadi leo. Pengine hizo dakika 20 ndizo zilizoizika santuri yake, maana baada ya siku ile nani alikuwa na haja ya kumsikiliza bila bendi? Tena hakuwa wa kwanza. Roger Taylor, mpiga ngoma, alitoa santuri yake peke yake mwaka 1981. Brian May alitoa yake na marafiki mwaka 1983. Hakuna msikilizaji hata mmoja aliyewaita hao watoro, na nadhani sababu ni kwamba hakuna aliyewasikia. Akitoka mpiga ngoma ni ruhusa. Akitoka mwimbaji ni usaliti.

Yeye mwenyewe aliujua utani huu. Kwenye jalada la santuri aliwashukuru wenzake watatu kwa kutomwingilia, kisha kazi nzima akaitoa zawadi kwa paka wake. Niliposoma hayo hewani simu zililia kwa dakika tano. Kuna watu walikasirika kweli, kwamba mtu atungie paka nyimbo 11.

Kundi la pili ni la waliosema huyu ni wetu, kwa hiyo santuri yake lazima iwe nzuri. Na dada yake pacha ni kundi la waliosema huyu si wetu, kwa hiyo ya nini kumpigia.

Hebu tuseme yanayojulikana. Alizaliwa Unguja, wazazi wake Waparsi, wa dini ya Zoroasta, baba akiwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto alipelekwa kusoma bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi yake ya kwanza ya shule. Alirudi Unguja mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 16 au 17, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Hakurudi kuishi, na katika mahojiano yake hakupenda kuizungumzia Unguja. Mwaka 2006 palipoandaliwa sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake mjini Zanzibar, baadhi ya viongozi wa dini waliipinga hadharani. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yakafunguliwa Shangani, na watalii wanapanga foleni.

Basi msikilizaji mmoja wa Mji Mkongwe akaniandikia barua ndefu, ya karatasi, mwandiko wa chuoni, akidai kwamba ndani ya Living on My Own, pale mwimbaji anapoacha maneno na kuchezesha ulimi tu, anasikia mwangwi wa taarabu. Nimeusikiliza wimbo huo kwa vipokea sauti, usiku, mlango umefungwa. Ndugu yangu, sikuisikia taarabu. Nilisikia namna wanavyofanya waimbaji wa jazi wa Marekani. Ningependa sana kuisikia taarabu, mimi ni nani nikatae, lakini katika santuri hii Unguja haimo. Ungetafuta Unguja ya Mercury ungeenda kwenye kazi nyingine, kwenye ule wimbo mrefu wa mwaka 1975 ambamo limo neno moja la Kiarabu analolijua kila mtoto wa madrasa. Mr. Bad Guy ni santuri ya Munich. Ni ya mtu mzima wa miaka 38 anayekesha kwenye mabaa ya Ujerumani na kurudi asubuhi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Na wale wanaosema si wetu kwa sababu hakuturudia, nawauliza: tangu lini tunapima wimbo kwa pasi ya kusafiria? Tunawapenda Wakongo waliokuja na gitaa begani, tukawaita wetu kwa sababu walituimbia. Huyu alizaliwa hapa, akawaimbia wengine. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linaloniambia kama Foolin' Around ni wimbo mzuri. (Si wimbo mzuri. Samahani.)

Wapo pia walioandika juu ya maisha yake ya faragha na juu ya ugonjwa uliomuua. Barua za namna hiyo sikuzisoma hewani na sitazisoma. Ila moja ni lazima niitaje, kwa sababu ilikuja kwa njia nyingine.

Mama mmoja wa Tanga alituma ujumbe mfupi, kisha mwingine, kisha mwingine, kama mtu anayejilazimisha. Anasema mwaka 1993 kaka yake alikuwa na kaseti ya Living on My Own. Hapa inabidi nieleze: wimbo huo ulipotoka mwaka 1985 haukwenda mbali, uliishia nafasi ya 50 Uingereza. Mwaka 1993 ukatengenezwa upya kwa mwendo wa disko, na mwezi Agosti ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, mwenye nao akiwa amefariki tangu tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana Ukimwi. Mimi naukumbuka kutoka disko toto, nikiwa darasa la sita, soksi nyeupe, tukiruka bila kujua hata neno moja. Kaka wa mama huyu naye aliruka. Miaka mitatu baadaye akaugua, akafariki, na nyumbani wakasema ni homa ya manjano, na kaseti ikawekwa ndani ya sanduku pamoja na mashati yake. Mama anasema hakuwahi kuelewa jina la wimbo lina maana gani mpaka nilipolifasiri mimi redioni Jumapili ile. Kuishi peke yangu. Anasema aliketi chini. Hakusema wimbo ni mzuri au mbaya. Aliuliza tu kama ninayo ile ya kwanza, ya mwaka 1985, isiyo ya disko, nimpigie tena. Nilimpigia.

Nimefika sasa kwenye jibu lililoninyima usingizi.

Ni mzee wa Morogoro. Alipiga simu baada ya kipindi kwisha, si wakati tuko hewani, na akaomba kuzungumza na mimi faragha. Nikaenda kwenye simu ya chumba cha fundi mitambo.

"Mwanangu," akaniambia, "shikamoo yako nimeipokea redioni, leo nina neno dogo. Umetuambia huyu bwana alizaliwa wapi. Umetuambia paka wake. Umetuambia studio iko chini ya hoteli gani. Hukutuambia Oktoba 1984 alikuwa wapi."

Nikanyamaza. Nilijua alikokuwa.

Oktoba 1984, miezi sita kabla ya santuri hii kutoka, Queen walikwenda kupiga mfululizo wa maonyesho Sun City. Kwa vijana wanaosoma hapa: Sun City ulikuwa mji wa starehe, hoteli na kamari, uliojengwa ndani ya Bophuthatswana, kijinchi bandia kilichobuniwa na Makaburu ili Waafrika wa Afrika Kusini waambiwe kwamba wana nchi yao nyingine na hivyo si raia wa ile kubwa. Isipokuwa Makaburu wenyewe na vijinchi vyao, hakuna serikali duniani iliyokitambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende Afrika Kusini. Queen walikwenda. Walijitetea kwamba wao ni wanamuziki na si wanasiasa, na kwamba waliwapigia watu wa rangi zote. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina la bendi likaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo.

Mzee huyu miaka ile alikuwa akifanya kazi jirani na Mazimbu. Wanaoijua Morogoro wanajua maana yake. Mazimbu ndipo palipokuwa na shule ya ANC, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Watoto waliokimbia Soweto walisoma pale. Mwaka 1992 ANC waliikabidhi shule kwa serikali yetu, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, lakini makaburi ya wakimbizi waliofia pale yapo, yanatunzwa. Mzee alisema aliwazika baadhi yao kwa mikono yake. Alisema mwaka 1984 habari za nani amekwenda Sun City na nani amekataa zilifika Mazimbu kama habari za vita, jina kwa jina.

"Mimi sikukatazi kupiga," akasema. "Umesema mwenyewe wimbo wa nane unauliza kwa nini watu wanachukiana. Nataka wasikilizaji wako wausikie wakijua mwenye kuuliza alikuwa ametoka wapi."

Ndugu wasikilizaji, nitawaambieni ukweli. Habari ya Sun City ilikuwa kwenye karatasi yangu. Niliiandika nilipokuwa natayarisha kipindi, sentensi nne, na Jumamosi usiku nikaikata. Sikuikata kwa kukosa nafasi. Nafasi ya paka niliipata. Niliikata kwa sababu nilitaka mwipende santuri. Nilitaka majibu matamu juu ya pumzi na gitaa. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 20, nilisomea, na jambo la kwanza tuliloambiwa darasani ni kwamba mtangazaji huchagua cha kusema, na msikilizaji hana njia ya kujua ulichokiacha.

Nilipolisema hilo hewani Jumapili iliyopita, majibu yakagawanyika tena, safari hii kwa umri. Vijana wengi waliniambia niache mambo ya kale: aliimba tu, hakupiga mtu risasi. Mmoja alikumbusha kwamba Novemba 2003 Brian May na Roger Taylor walikuwa Cape Town, kwenye onyesho la 46664 la Mzee Mandela mwenyewe, kwa hiyo kama Mandela alisamehe, mzee wa Morogoro ni nani? Hoja hiyo ina uzito, nami nimeipeleka kwa mzee kama nilivyoipata. Alijibu kwamba Mandela alisamehe waliokuja, na huyu alikuwa amekwisha kufa, hakuja wala hakuulizwa.

Msichana mmoja wa chuo kikuu aliandika kitu ambacho nimekibandika ukutani. Aliuliza: mbona swali hili hatuwaulizi wanamuziki wetu? Wangapi waliimba kwenye sherehe za nani, wakalipwa na nani, na santuri zao tunazipiga kila Jumapili bila sentensi hata nusu? Sijamjibu. Nina orodha ndogo kichwani, nanyi nadhani mnayo yenu.

Mimi mwenyewe nasimama wapi? Mlinitaka nitoe hukumu, na nimeizunguka. Mr. Bad Guy ni santuri yenye nyimbo nne za kudumu, tatu za kupita, na nne ambazo bila sauti ile zisingestahili gharama ya nailoni ya kufungia. Sauti ni ya mtu aliye kileleni na anajua yuko kileleni. Walioitengeneza upya mwaka 2019 walipunguza makelele ya vinanda ili sauti ije mbele, na huo nadhani ni ushahidi kwamba fundi wa Ilala na mwalimu wa Dodoma walikuwa sahihi wote wawili. Na wimbo wa nane bado naupenda. Nikiusikia sasa naiona ile hoteli ya kamari nyuma yake, siwezi kuiondoa, na sijui kama nataka iondoke.

Nilimuuliza mzee wa Morogoro, mara ya pili tulipozungumza, kama aliusikiliza. Akasema ndiyo, mara mbili.

"Anaimba vizuri?" nikauliza.

"Anaimba vizuri sana," akasema, kisha akaniuliza kama kwetu kumenyesha.

Jumapili hii, saa nane mchana, nitaupiga tena huo wimbo wa nane. Kabla yake nitazisoma zile sentensi nne kama nilivyoziandika mara ya kwanza. Mzee ameniahidi atakaa karibu na redio, na mwalimu wa kwaya wa Dodoma anasema atakuwa na wanakwaya wake wote 22, kwa hiyo naomba fundi mitambo asichelewe.